Namna ya kulinganisha matumizi ya biomasi kwa kila mtu kati ya nchi na nchi

Finland huchoma nishati itokanayo na mbao kiasi cha terawati-saa 100 hivi kwa mwaka. Gawanya kwa watu milioni 5.5, utapata karibu gigajuli 65 kwa kila mtu. Ethiopia, ambako takriban sehemu tisa kati ya kumi za nishati yote hutoka kwenye kuni, mkaa, mabua na samadi, haifikii hata nusu ya hapo. Ukiishia hapo utaandika kwamba Mfini anategemea kuni kuliko Mwethiopia, na utakuwa umekosea ingawa hesabu yako haina dosari. Sehemu kubwa ya gigajuli za Finland haifiki jikoni kwa mtu yeyote. Huchomwa ndani ya viwanda vya karatasi na vya mbao, kisha karatasi yenyewe ikauzwa nje ya nchi.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kupata namba unayoweza kuitetea na namna ya kuisoma ukishaipata. Utahitaji lahajedwali, mizania ya nishati ya kila nchi, idadi ya watu, na subira ya kusoma maandishi madogo yaliyo chini ya majedwali.

Amua kwanza unahesabu nini

Neno biomasi, au tungamotaka kama wengine wanavyoliita, lina maana mbili katika takwimu za kimataifa, na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni biomasi kama nishati: kuni, mkaa, makapi ya miwa, samadi, peleti (punje za mbao iliyosagwa na kushindiliwa), ethanoli, dizeli ya mimea, gesi ya samadi. Hiyo hupimwa kwa juli. Ya pili ni biomasi kama mali ghafi: mazao yote, malisho ya mifugo, samaki na magogo, kwa tani. Takwimu za aina hii ya pili hutolewa na Eurostat (ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya) kwa Ulaya, na jopo la rasilimali la UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, huzitoa kwa dunia nzima.

Ukichukua za mali ghafi ukidhani ni nishati, mpangilio wa nchi utapinduka. Uruguay ina ng'ombe karibu milioni 12 na watu wapatao milioni 3.5. Kanuni ya Eurostat humkadiria ng'ombe mmoja tani 4.5 za malisho kwa mwaka (yakiwa na unyevu wa asilimia 15), na kondoo au mbuzi nusu tani. Kwa ng'ombe peke yao hiyo ni zaidi ya tani 15 kwa kila Muruguay, na hakuna hata kijiti kimoja kilichochomwa. Kuanzia hapa tunashughulika na nishati tu.

Takwimu zitoke wapi

Chanzo kinachofaa zaidi ni mizania ya nishati ya Shirika la Kimataifa la Nishati (IEA) au ya Idara ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa. Zote huonyesha nishati inavyoingia nchini, inavyogeuzwa, na nani aliyeitumia mwishoni. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, nayo hutoa takwimu za kuni na mkaa, ila kuni huzitoa kwa mita za ujazo na mkaa kwa tani. Epuka vitabu vya takwimu vinavyohesabu nishati inayouzwa sokoni tu. Ndani yake kuni zinazookotwa hazipo kabisa, na nchi maskini huonekana kana kwamba watu wake hawapiki.

Chagua chanzo kimoja na ukitumie kwa nchi zote. Kuchukua Ujerumani kutoka Eurostat, Kenya kutoka FAO na Marekani kutoka wizara yake ya nishati ni kujitafutia matatizo, kwa sababu kila kimoja kina mipaka yake ya hesabu. Marekani, kwa mfano, huhesabu joto ghafi, yaani pamoja na lile linalopotea kama mvuke wa maji, ilhali IEA huhesabu joto halisi baada ya kuondoa mvuke huo. Kwa kuni kavu tofauti ni chini ya asilimia 10. Kwa kuni mbichi hufika asilimia 20.

Halafu tazama mfululizo wa miaka kabla hujaamini mwaka wowote. Piga hesabu ya kuni kwa kila mtu kwa miaka kumi au kumi na tano. Ikiwa namba haitikisiki hata kidogo, mwaka baada ya mwaka, ujue hakuna aliyepima. Mtu alichukua kadirio la zamani akawa analizidisha kwa ongezeko la watu. Ikiwa namba inaruka ghafla, sababu mara nyingi ni utafiti mpya wa kaya, wala si watu kubadili tabia. Italia iliongeza sana makadirio ya kuni za majumbani baada ya utafiti wa kaya wa mwaka 2013. Uingereza nayo iliyapunguza sana ya kwake mwaka 2021. Kwa hiyo hata nchi tajiri hazijui vizuri kuni zake, maana kuni hazina mita ukutani.

Geuza kila kitu kuwa gigajuli

Vizio kwanza. Tani moja ya mafuta sawia (toe) ni gigajuli 41.868. Megawati-saa moja ni gigajuli 3.6. Milioni moja ya Btu (kizio cha joto cha Kiingereza) ni gigajuli 1.055. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kusoma safu ya ktoe (elfu za toe) kama terajuli (elfu za gigajuli), au kinyume chake, na jibu linatoka mara 42 ya ukweli au sehemu moja ya 42.

Pale unapopewa uzito badala ya joto, tumia thamani za kawaida za IPCC (jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi) za mwaka 2006, kwa megajuli kwa kilo:

- kuni na mabaki ya mbao: 15.6
- mkaa: 29.5
- biomasi nyingine ngumu (mabua, samadi, makapi): 11.6
- kimiminika cheusi cha viwanda vya karatasi: 11.8
- ethanoli na dizeli ya mimea: 27.0

Mafuta ya mimea yakiwa kwa lita, sheria ya Umoja wa Ulaya huweka megajuli 21 kwa lita ya ethanoli na 33 kwa lita ya dizeli ya mimea.

Mita za ujazo zina mtego wake. Mita moja ya mbao tupu si sawa na mita moja ya kuni zilizopangwa, kwa kuwa katikati ya kuni kuna hewa. Rundo lililopangwa vizuri lina mbao tupu za mita 0.6 hadi 0.7 kwa kila mita ya rundo. Vipande vidogo vilivyomwagwa huwa na 0.4 hivi. FAO huhesabu mbao tupu, na kwa kuni hutumia tani 0.725 kwa kila mita ya ujazo.

Unyevu ndio unaoharibu hesabu nyingi

Ile 15.6 ya kuni si sifa ya mti, ni sifa ya mti uliokauka kiasi fulani. Kanuni yenyewe ni hii: zidisha 18.5 kwa sehemu iliyo kavu, kisha toa 2.44 mara sehemu ya maji. Kuni zenye unyevu wa asilimia 10 hutoa megajuli 16.4 kwa kilo, za asilimia 20 hutoa 14.3, za asilimia 30 hutoa 12.2, na mbichi zenye nusu maji hutoa 8.0 tu. Namba ya IPCC inalingana na unyevu wa asilimia 14 hivi. Kwa hiyo ukikuta utafiti uliopima kuni mbichi kisha ukazidisha kilo zake kwa 15.6, umeongeza joto karibu mara mbili.

Kuna mtego wa pili ndani ya huo wa kwanza. Chukua kipande cha ukuni chenye gramu 200, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 105 za Selsiasi, ukipime tena na tena mpaka uzito usibadilike. Tuseme kimebaki gramu 160. Maji yalikuwa gramu 40. Ukigawanya kwa 200, unyevu ni asilimia 20. Ukigawanya kwa 160, ni asilimia 25. Zote mbili ni sahihi, ila wahandisi wa nishati hutumia ya kwanza na watu wa mbao hutumia ya pili. Vipimo vidogo vyenye sindano mbili za kuchomeka kwenye ukuni kwa kawaida huonyesha ya pili. Ili kuigeuza, gawanya namba iliyosomwa kwa mia moja pamoja na namba hiyo hiyo: 25 kwa 125 ni 0.20. Ukuni ukizidi asilimia 30 kwenye kipimo cha sindano, usikitegemee tena. Pasua ukuni na uchomeke sindano upande wa ndani uliopasuka sasa hivi, kwa sababu ganda la nje hukauka mapema na litakuambia uongo.

Mkaa: usiuhesabu mara mbili, wala usiusahau

Katika mizania ya nishati, kuni zinazoingia kwenye tanuri la mkaa huonekana kwenye sehemu ya kugeuza nishati zikiwa na alama ya kutoa. Mkaa wenyewe huonekana kwenye matumizi ya mwisho. Anayejumlisha kuni zote za nchi kisha akaongeza mkaa amehesabu mti uleule mara mbili. Anayechukua matumizi ya mwisho peke yake ameacha nje kuni zilizopotea tanurini, na hizo ni nyingi.

Tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo hutoa mkaa wa asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa kuni. Lililoboreshwa, lenye bomba la moshi, hufika 25 hadi 30. Kwa asilimia 20, joto linalobaki ndani ya mkaa ni asilimia 38 tu ya joto lililokuwa kwenye kuni. Mengine yameondoka na moshi.

Linganisha watu wawili. Mmoja hutumia kilo 500 za kuni kwa mwaka kwenye mafiga matatu: gigajuli 7.8. Mwingine hutumia kilo 100 za mkaa: gigajuli 2.95. Kwa matumizi ya mwisho, wa mkaa anaonekana anatumia chini ya nusu. Lakini mkaa wake, kwa tanuri la asilimia 20, ulikula kilo 500 za kuni vilevile. Msituni wako sawa kabisa. Na kwenye sufuria? Mafiga yakifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 12, wa kuni anapata gigajuli 0.94 za joto linalopika kweli. Jiko la mkaa la asilimia 25 linampa mwenzake 0.74.

Ndiyo maana kila nchi inastahili safu tatu kwenye lahajedwali: nishati ya awali (kilichotoka shambani au msituni), matumizi ya mwisho (kilichomfikia mtumiaji), na joto lenye faida (kilichoingia kwenye chakula, chumba au mashine). Ukilazimika kuchapisha moja tu, chapisha ya awali na useme hivyo kwenye kichwa cha jedwali. Wengi hawasemi, na msomaji hubaki anakisia.

Kugawanya kwa watu

Tumia idadi ya watu ya katikati ya mwaka uleule wa nishati, kutoka chanzo kimoja, mathalani makadirio ya Umoja wa Mataifa. Usichukulie namba hii kuwa ndiyo iliyo imara. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifanya sensa ya mwisho mwaka 1984, Nigeria mwaka 2006. Unapogawanya kadirio la kuni kwa kadirio la watu, kuandika gigajuli 14.37 ni kujidanganya. Andika 14.

Kuna jambo moja zaidi. Mara nyingi kuni za kitaifa zilikadiriwa kwa kuzidisha matumizi ya mtu mmoja kwa idadi ya watu iliyotumika wakati huo. Wewe ukigawanya kwa idadi nyingine iliyorekebishwa baadaye, utapata ongezeko au upungufu ambao haujatokea popote duniani. Tafuta idadi ya asili iliyotumika, kama imeandikwa.

Vunja namba kwa mtumiaji

Hatua hii ndiyo inayotenganisha jedwali la maana na jedwali la mapambo. Gawa biomasi ya kila nchi katika mafungu manne: majumbani, viwandani, vituo vya umeme na joto, na usafiri. Kisha gawanya kila fungu kwa idadi ya watu.

Kwenye fungu la viwanda, tafuta kile kimiminika cheusi kinachobaki mbao zinapopikwa kuwa rojo la karatasi. Finland na Sweden hukichoma kwa wingi kupata mvuke na umeme, nacho huingia kwenye takwimu kama biomasi ngumu ya kawaida, bega kwa bega na kuni. Brazili ina makapi ya miwa yanayochomwa viwandani, mkaa unaoyeyusha chuma, na ethanoli ya magari inayotokana na mpango wa Proálcool ulioanza mwaka 1975. Hapo fungu la usafiri, ambalo kwa nchi nyingi ni dogo mno, linakuwa kubwa.

Kwenye fungu la umeme, angalia uagizaji. Peleti huhesabiwa kwenye nchi inayozichoma. Uingereza huleta za kwake kwa meli kutoka Marekani na Canada, sehemu kubwa kwa ajili ya kituo cha umeme cha Drax, kwa hiyo gigajuli za Mwingereza zina miti ya watu wengine ndani yake. Ukitaka kujua mzigo kwa misitu ya nyumbani, toa uagizaji na ongeza mauzo ya nje. Ukitaka kujua nani ananufaika na joto, uache kama ulivyo. Haya ni maswali mawili tofauti na kila moja lina jibu lake.

Kusoma tofauti

Kipato peke yake hakielezi mpangilio wa nchi. Kwa jumla biomasi ya majumbani hupungua watu wanapopata gesi ya mitungi na umeme, na sababu ni ufanisi. Lile joto la gigajuli 0.94 lililohitaji kilo 500 za kuni kwenye mafiga linapatikana kwa kilo 40 hivi za gesi kwenye jiko la asilimia 50. Ila chunga usihesabu mitungi iliyogawiwa kana kwamba ni kuni zilizoachwa. India ilianza kugawa miunganisho ya gesi kwa kaya maskini mwaka 2016 chini ya mpango wa Ujjwala. Huko na kwingineko, kaya nyingi hupokea gesi na kuendelea na kuni pembeni, gesi kwa chai ya haraka, kuni kwa chungu cha kuchemka muda mrefu.

Upande wa nchi tajiri, linganisha Sweden na Norway. Baridi ni ileile, misitu ipo kote kuwili, kipato ni kikubwa kote kuwili. Lakini Sweden hutumia bionishati ya karibu terawati-saa 140 kwa mwaka, kama gigajuli 48 kwa kila mtu, na Norway iko chini sana ya hapo. Norway hupasha nyumba joto kwa umeme wa maji, na haina viwanda vya karatasi vya ukubwa ule. Sweden ilijenga mabomba ya joto la mjini na mwaka 1991 ikaweka kodi ya kaboni iliyoyafanya makaa ya mawe na mafuta kuwa ghali kuliko mabaki ya mbao. Iceland, yenye baridi vilevile, iko karibu na sifuri, kwani nyumba tisa kati ya kumi hupashwa joto na maji moto ya ardhini. Nchi za Ghuba kama Kuwait na Qatar nazo ziko karibu na sifuri kwa sababu nyingine kabisa. Kwa hiyo namba ndogo haimaanishi utajiri, na kubwa haimaanishi umaskini.

Jihadhari pia na asilimia. Asilimia 90 ya nishati kidogo inaweza kuwa chini ya asilimia 30 ya nishati nyingi, kama ilivyo kwa Ethiopia na Finland. Weka gigajuli na asilimia kwenye safu mbili zinazokaa jirani.

Kupima jikoni unapotilia shaka

Namba ya majumbani ikikutia mashaka, kuna kipimo cha haraka cha akili. Anayepika kwa kuni kwenye moto wa wazi kwa kawaida hutumia kilo 1 hadi 2 kwa siku, sawa na gigajuli 6 hadi 11 kwa mwaka. Nchi ya joto isiyo na viwanda vya kuchoma biomasi ikikutolea gigajuli 40 kwa kila mtu majumbani, rudi kwenye vizio kabla hujatafuta maelezo ya kijamii.

Kama una nafasi ya kupima mwenyewe, fanya hivi. Ingia kwenye kaya siku ya kwanza, tenga rundo la kuni linalozidi mahitaji, lipime kwa mizani ya kuning'iniza, na uombe watumie rundo hilo tu. Rudi kila siku saa ileile kwa siku tatu au zaidi, pima kilichobaki, pima unyevu wa vipande vitatu, na uandike waliokula. Usihesabu vichwa vitupu: mtoto wa chini ya miaka 15 ni 0.5, mwanamke mtu mzima 0.8, mwanamume wa miaka 15 hadi 59 ni 1.0, na mwanamume aliyezidi hapo 0.8. Siku ya sherehe au msiba iandike lakini uiondoe kwenye wastani wa siku za kawaida. Mizani irudishwe sifuri ikiwa imebeba kamba au gunia lake, maana gunia la gramu 400 likiingia kwenye kipimo kimoja na kukosekana kwenye kingine, utahesabu kuni ambazo hazikuwahi kuwepo.

Kaya hubadilika zinapojua zinatazamwa: wengine hubana kuni, wengine hupika zaidi kwa kuwa kuni zipo. Siku ya kwanza ichukulie ya mazoezi. Pia upimaji urudiwe majira mengine. Kuni za msimu wa mvua huwa na maji mengi na kilo hupanda hata pale ambapo joto linalotumika halijapanda. Kilo za mvua ukizilinganisha na kilo za kiangazi bila kurekebisha unyevu, utaandika ripoti kuhusu mawingu.